Nyota zilizokufa ndo zinatuonyesha ndani ya sayari kuna nini

Kila ikitangazwa sayari mpya huko nje watu tunarukia maji na uhai moja kwa moja, je kuna hewa, kuna bahari, mtu anaweza kuishi? Ni maswali ya haki kabisa, lakini kuna moja linatangulia yote hayo na ndo halipewi nafasi: ndani ya hiyo sayari kuna nini? Chuma kiasi gani, mwamba wa aina gani, oksijeni imeshikana na nini? Msimamo wangu nauweka mapema. Jibu bora tulilonalo mpaka leo linatoka kwenye nyota ambazo zimeshakufa, vibete vyeupe, hasa vile vyenye diski za vumbi na vifusi kuvizunguka, na kama tunataka jibu hilo liaminike inabidi hizo diski ziangaliwe mfululizo mwaka baada ya mwaka, kazi ambayo mpaka sasa inafanyika kwa kudandia vifaa vilivyotengenezwa kwa shughuli nyingine.

Nianze na kwa nini njia za kawaida hazitoshi. Sayari ikipita mbele ya nyota yake inaziba mwanga kidogo, hapo tunapata upana wake. Ikiivuta nyota mpaka ikayumba, tunapata uzito. Ukigawanya uzito kwa ujazo unapata msongamano wa wastani na safari inaishia hapo, kwa sababu wastani uleule unaweza kutoka kwa sayari yenye kiini kikubwa cha chuma na maji mengi juu yake, au kwa sayari ya mwamba ya kawaida tu, na namba yenyewe haikwambii ni ipi. Hata hapa kwetu hatujawahi kugusa kiini, shimo la Kola kule Urusi lilishuka mita 12,262 wakati kutoka tuliposimama mpaka katikati ya Dunia ni kama kilomita 6,371. Yaani ya kwetu wenyewe tunaijua kwa kufuatilia mawimbi ya matetemeko ya ardhi, sasa ya nyota nyingine tutaijuaje?

Kwa kuipata ikiwa imeshasagwa.

Nyota ya aina ya Jua ikimaliza haidrojeni katikati inavimba na kuwa jitu jekundu, inapuliza matabaka yake ya nje yakapotelea angani, na kinachobaki ni kiini kitupu chenye uzito wa kama asilimia 60 ya Jua kilichobanwa mpaka kikawa na ukubwa wa Dunia. Hicho ndo kibete cheupe. Jua letu litaanza safari hiyo miaka kama bilioni tano ijayo. Mvuto juu ya uso wa kitu kama hicho ni karibu mara laki moja ya huu tunaouhisi sisi, na mvuto huo unafanya kazi moja muhimu sana kwa mada yetu: unazamisha kila kilicho kizito. Juu panabaki haidrojeni au heliamu tu. Chuma ikidondoka pale inazama isionekane tena, na kwa vibete vya moto vyenye angahewa ya haidrojeni hilo linatokea ndani ya siku au miaka michache, kwa vile vya heliamu inaweza kufika miaka milioni, ambayo kwa umri wa nyota ni kufumba na kufumbua. Kwa hiyo ukipiga spektra ya kibete cheupe, yaani ukiutawanya mwanga wake rangi kwa rangi, ukakuta mistari ya kalsiamu, magnesiamu na chuma, kuna kitu kinadondokea pale, aidha sasa hivi au juzijuzi kwa hesabu za kinyota.

Na wenye uchafu huo sio wachache. Kati ya robo na nusu ya vibete vyeupe vilivyopimwa kwa makini vinauonyesha.

Ushahidi wa kwanza ulikuwepo tangu 1917 na hakuna aliyejua. Adriaan van Maanen, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi kituo cha kuangalia nyota cha Mount Wilson kule California, aligundua nyota hafifu inayokimbia haraka angani kwenye kundinyota la Samaki, iko miaka ya nuru kama 14 tu kutoka hapa. Mwaka huohuo Walter Adams akapiga spektra yake kwenye kioo cha picha, akaona mistari ya elementi nzito, na kwa elimu ya wakati ule akaiweka kundi F, kundi la nyota zenye joto linalozidi kidogo la Jua. Kioo kikawekwa kwenye bahasha yake, bahasha ikawekwa stoo ya Carnegie, taasisi iliyokuwa na kituo hicho. Karibu miaka mia baadae mwanaastronomia Jay Farihi anaandika makala ya kupitia fani hii yote, akawaomba Carnegie wamtafutie kile kioo, wakakipata, na mistari ya kalsiamu ipo pale inaonekana wazi, mabaki ya vitu vya mwamba vilivyomezwa na nyota. Alama ya kwanza kabisa ya mfumo wa sayari nje ya huu wetu ilikuwa kwenye kabati kabla binadamu hajajua hata Pluto ipo, maana Pluto iligunduliwa 1930. Mimi kila nikilifikiria hili linanipa heshima kubwa kwa watu wa makumbusho na makabati, wale wanaotunza vitu ambavyo kwa wakati huo havina mwenyewe.

Kwa miaka mingi maelezo yaliyokuwa yanatolewa ni kwamba hivi vibete vinaokota vumbi la kati ya nyota vikiwa vinapita. Inaingia akilini mpaka uanze kuhesabu, kwa sababu gesi ya kati ya nyota ni haidrojeni kwa wingi wake, na kulikuwa na vibete vya heliamu vyenye kalsiamu ya kutosha huku haidrojeni karibu hakuna. Umeokotaje mchanga bila kuokota kile ambacho ndo kimejaa kila mahali?

Mlango ukafunguka 1987 na G29-38. Benjamin Zuckerman na Eric Becklin walikuwa wanatafuta vibete vya kahawia, zile nyota zilizoshindwa kuwaka, wakakuta kibete hiki cheupe kinatoa mwanga wa infraredi, ule wa joto usioonekana kwa macho, mwingi kuliko inavyostahili, wakasema huenda kuna kibete cha kahawia pembeni yake. Wenzao wakaendelea kukipima. Bahati nzuri G29-38 ni nyota inayopigapiga yenyewe, mwanga wake unapanda na kushuka kila baada ya dakika chache, na ilipopimwa vizuri kufikia 1990 ikaonekana infraredi nayo inapanda na kushuka kufuata mapigo ya nyota. Kibete cha kahawia hakiwezi kufanya hivyo. Vumbi lililo karibu linaweza, linapashwa moto na kupoa hapohapo. Mwaka 1997 ikapatikana kalsiamu kwenye uso wake, na 2003 Michael Jura wa UCLA akaunganisha vipande vyote: asteroidi imesogea karibu mno, mvuto wa nyota ukavuta upande wa karibu kwa nguvu kuliko upande wa mbali mpaka jiwe likapasuka, vifusi vikatandazika kuwa duara bapa kama zile pete za Zohali, na vumbi linashuka taratibu mpaka juu ya nyota. Darubini ya Spitzer ilipoangalia, 2005, ikakuta alama ya silikati kwenye lile vumbi, kwa maneno mengine mwamba. Na 2022 eksrei za darubini ya anga ya Chandra zikaonyesha kabisa gesi inavyopata moto inapogonga uso wa G29-38. Mlolongo wote tunao, kutoka jiwe mpaka vumbi mpaka gesi mpaka mstari kwenye spektra.

Swali la haraka: hizo asteroidi zinasogezwa na nini mpaka kule? Nyota ikipoteza karibu nusu ya uzito wake, mvuto unapungua, njia za sayari zinatanuka, mpangilio uliotulia kwa mabilioni ya miaka unalegea, na sayari zilizobaki zinaanza kuzisukuma asteroidi na nyota mkia kwenye njia ndefu zinazopita karibu na katikati. Kwa hiyo ukiona diski ya vumbi pale, nyuma yake karibu kila mara kuna sayari moja au zaidi ambazo hatuzioni.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, yaani tumesoma nini. Kwanza, mawe ya kule yanafanana na ya kwetu kuliko wengi walivyotarajia. Oksijeni, magnesiamu, silikoni na chuma ndo zinashika zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa Dunia, na ndo hizohizo nne zinazotawala kwenye vibete hivi, kaboni ikiwa kidogo sana kama ilivyo kwenye mawe ya hapa. GD 362, ambayo diski yake ilitangazwa 2005, ilikutwa na elementi zaidi ya 15. Kwenye GD 61, 2013, Farihi na wenzake walihesabu oksijeni wakakuta imezidi: waliipa magnesiamu haki yake, silikoni haki yake, chuma na kalsiamu pia, na bado ikabaki oksijeni ambayo haina wa kushikana naye isipokuwa haidrojeni. Maji hayo. Kama asilimia 26 ya uzito wa jiwe lililovunjika, na jiwe lenyewe halikuwa chini ya kilomita 90 kwa upana. Mwaka 2017 WD 1425+540 ikaonyesha naitrojeni, alama ya kitu cha barafu kilichotoka mbali kule inakofanana na maeneo ya Pluto. Mwaka 2019 Alexandra Doyle wa UCLA na wenzake wakatumia vibete sita kupima chuma kimeshikana na oksijeni kiasi gani, wakakuta kiwango kinafanana na cha Dunia na Mirihi, jambo ambalo linagusa kiini kitakavyokuwa na hewa itakayotoka ndani ya sayari. Hakuna darubini inayoweza kukupa hayo kwa kuiangalia sayari nzima.

Lakini hapa ndo nataka tuwe wakali kidogo maana fani hii nayo ina tabia ya kukimbilia vichwa vya habari. Mwaka 2021 Keith Putirka na Siyi Xu walichukua vibete 23 wakasema mawe yaliyomezwa ni ya aina ambazo hazipo kabisa kwenye mfumo wa Jua, mpaka majina mapya ya miamba yakabidi kutungwa. Habari ikaenea. Mwaka 2023 kikundi cha Isabella Trierweiler, pamoja na Doyle, kikapitia vibete 31 kikakuta zaidi ya nusu vinalingana tu na vimondo vya kawaida vya aina ya kondraiti ukizingatia makosa ya vipimo. Mimi nipo upande wa hawa wa pili, na sababu ni ileile ya kuzama. Elementi hazizami kwa mwendo mmoja, chuma inatangulia, magnesiamu inachelewa, kwa hiyo kibete kilichoacha kula zamani kidogo kitakuonyesha mwamba wenye chuma pungufu kuliko ulivyokuwa, na wewe utatangaza mwamba wa ajabu ambao haujawahi kuwepo. Halafu tunachosoma ni mlo mmoja, pengine asteroidi moja, sio sayari nzima. Anayesema "sayari za nyota fulani ziko hivi" kwa kusoma jiwe moja anaruka hatua.

Na hapo ndo diski inapoingia. Kibete chenye diski unajua kabisa kinakula sasa hivi, kwa hiyo hesabu ya kuzama inakuwa na pa kushikia, na unaweza kulinganisha vumbi lililo nje na kile kilichokwisha kufika juu ya nyota. Tatizo diski zenyewe hazijatulia.

Picha ya Jura ya pete bapa imetufikisha mbali, ila pete ya namna ile ilitakiwa ibaki vilevile kwa muda mrefu sana. Angalia kilichoonekana. Kibete cha SDSS J0959-0200 kilipoteza kama theluthi ya infraredi yake mwaka 2010, chini ya mwaka mmoja! WD 0145+234 ikafanya kinyume, 2018 infraredi yake ikapanda kama mara mbili na nusu ndani ya nusu mwaka hivi, dalili ya mawe kugongana na kumwaga vumbi jipya. WD 1145+017 ndo maarufu zaidi, Andrew Vanderburg aliiona 2015 kwenye data za darubini ya anga ya Kepler: vipande vya jiwe linalovunjika vinaizunguka nyota kwa masaa manne na nusu hivi, kila kipande na wingu lake la vumbi, vinaziba mpaka asilimia 40 ya mwanga na zaidi, na umbo la mfifio linabadilika usiku mpaka usiku. Ripoti ya 2024 iliyoongozwa na Amornrat Aungwerojwit wa Chuo Kikuu cha Naresuan, Thailand, ikaonyesha ile mififio imekaribia kuisha kabisa. Tukio limeanza, likashika kasi, limezima, ndani ya miaka kama kumi tu.

Nyingine ni SDSS J1228+1040. Boris Gänsicke na wenzake waliona 2006 kwamba hii ina diski ya gesi, kalsiamu inayong'aa, na mwaka 2019 Christopher Manser wa Warwick akiwa na wenzake, kwa darubini kubwa ya Visiwa vya Kanari, wakakuta ule mng'ao unayumba kila baada ya dakika 123. Kuna kitu kigumu kinazunguka ndani ya diski, karibu na nyota kiasi kwamba jiwe la kawaida lililoshikamana kwa mvuto wake tu lingekuwa limeshasambaratika zamani. Maelezo wanayoyapa ni kwamba hicho ni kitu chenye ugumu wake wenyewe, pengine chuma, labda kiini cha sayari ndogo kilichovuliwa mwamba wake wote. Aliyewahi kusimama pale Mbozi, mkoani Songwe, akaweka kiganja kwenye kile kimondo cha tani kama 16 ambacho karibu asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli, akauona uso wake ulivyo na vishimo na jinsi watu walivyohangaika kukata vipande kwa msumeno, anaelewa kwa mkono wake kwa nini kitu cha namna ile kinaweza kudumu mahali ambapo mwamba unasagika.

Sasa fumbo kubwa kuliko yote. Vibete vyenye uchafu ni robo mpaka nusu, lakini vyenye diski inayoonekana kwa infraredi ni kati ya asilimia 1 na 3 tu. Wengine wote wanakula na sahani hatuioni. Kuna wanaosema diski ni nyembamba mno, wengine wanasema tunaziangalia kwa ubavu, wengine vumbi limeshageuka gesi. Zote zinawezekana. Ila ukiweka pamoja 0959, 0145 na 1145, mimi naona maelezo yenye nguvu zaidi ni ya muda: diski zinawaka na kufifia, vumbi linatengenezwa kwa migongano na kuisha, na sisi tunapiga picha moja halafu tunaondoka. Ukimpiga mtu picha moja kwa siku utamkuta anakula mara chache sana, wala haimaanishi anashinda njaa.

Kama hivyo ndivyo, dawa ni kuangalia bila kuacha, na hapo ndo kinachoniuma. Kifaa kilichokuwa kinatupa mfululizo wa infraredi kwa anga zima kilikuwa WISE, iliyorushwa Desemba 2009, ikalazwa 2011, ikaamshwa 2013 kwa jina la NEOWISE ili ifuatilie asteroidi za karibu na Dunia. Ilikuwa inarudi kwenye kila nyota takriban kila miezi sita. Kazi ya diski za vibete vyeupe ilikuwa faida ya pembeni tu, haikuwemo hata kwenye malengo yake, na ndo iliyotupa 0145. Agosti 2024 ikazimwa kwa sababu njia yake ilikuwa imeshuka sana. SPHEREx iliyorushwa Machi 2025 inaangalia anga lote mpaka maikromita 5, inasaidia, ila mpango wake wa msingi ni miaka miwili. NEO Surveyor inakuja, nayo kwa ajili ya asteroidi. James Webb inaona silikati kwa uzuri usio na mfano lakini ni darubini ya kuomba masaa, hauwezi kuiweka ikakaa inalinda nyota mamia. Darubini ya Rubin kule Chile itafuatilia anga kwa miaka 10, itatupa mififio mingi kama ya 1145, lakini kwa mwanga wa kawaida, sio infraredi ambako vumbi la joto linang'aa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichopangwa kwa ajili ya hizi diski, na mimi nasema mkusanyiko wa data wa miaka 20 usiokatika una thamani kuliko kioo kikubwa zaidi kinachoangalia mara moja.

Kuna jambo moja zuri kwa msomaji ambaye hana darubini yoyote. LSPM J0207+3331, kibete kilichoko miaka ya nuru kama 145, hakikugunduliwa na profesa. Mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa anajitolea kwenye Backyard Worlds, mradi wa watu wa kawaida kupekua picha za anga, alikuwa anatafuta vibete vya kahawia kwenye data za wazi, akaona kitu kinang'aa kwenye picha za WISE kupita inavyotakiwa, akawaandikia watafiti, wakaipima na darubini ya Keck kule Hawaii. Ikatangazwa 2019: kibete cha miaka kama bilioni tatu, kimeshapoa, na bado kina vumbi, wakati hesabu zilikuwa zinasema kwa umri huo mawe yangeshaisha. Mwaka 2025 Érika Le Bourdais na wenzake wakasoma humo elementi nzito 13 kutoka kwenye jiwe lisilopungua kilomita 200, tena kwenye angahewa ya haidrojeni ambako ni vigumu kuona vitu hivyo kwa sababu vinazama haraka na mwanga haupenyi vizuri. Yaani kimekula karibuni, baada ya miaka bilioni tatu ya kukaa maiti. Picha zote za WISE na NEOWISE ziko mtandaoni bure, mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura mwenye laptopu na bando la usiku anaweza kuchukua orodha ya vibete vyeupe ya Gaia, chombo cha anga kilichopima mahali pa nyota, na kuanza kupitia mwaka kwa mwaka ni vipi vimebadilika, na kwa jinsi data zilivyo nyingi kuliko watu wa kuzipitia, zipo 0145 nyingine humo hazijaguswa.